Matoazi ya Masta Hayasaka

Jumanne, 6 Novemba 2018

Masta kanipigia simu mwenyewe. Mwenyewe! Mtu ambaye hata salamu anazitoa kwa nyusi. Kasema maneno mawili tu—matoazi yamekufa—akakata.

Nimefika Tsurara, duka lake la kahawa na santuri, saa nane mchana. Wateja wachache, kila mmoja na kahawa yake, wamezama kwenye saksafoni. Sheria ya duka haijabadilika tangu nikiwa msichana: mpaka saa kumi na mbili jioni hapazungumzwi, panasikilizwa. Basi Masta akaweka kitambaa cha vyombo chini, akanivuta kwa mkono hadi uchochoroni, tukaongelea huko. Yeye na aproni, mimi na kofia ya sufu, upepo wa bandarini unatuchoma wote.

Anasema tangu mwezi wa nne sauti inafifia. Besi ipo. Saksafoni ipo. Ila matoazi, ule mchachariko wa shaba nyuma ya ngoma, ni kama mtu kayatupia blanketi. Anashuku vigawanyo. Mimi pia. Spika zake zilitoka kwenye sinema iliyobomolewa zamani, kila moja na koni la besi lenye upana wa sinia na juu yake pembe ya chuma ambayo mtoto angeingiza kichwa. Katikati ndiyo kazi yangu: kigawanyo, kisanduku kinachoamua sauti nene iende kwenye koni na nyembamba iende kwenye pembe. Havijafunguliwa tangu enzi za sinema. Mimi nikisikia "havijafunguliwa" mate yananijaa.

Nikamwambia nitavichukua. Akanishika bega. "Fanya uwezavyo, Sawaguchi. Ila ujue, siku nisiposikia tena matoazi, nafunga duka. Mimi si muuza kahawa." Hakuwa anatania. Nimemjua miaka mingi, utani wake una sura nyingine.

Duka litafungwa mpaka Jumamosi. Nimevibeba nyumbani kwenye kitambaa cha kufungashia, vizito kama mawe ya kukandamizia achari. Jambo moja: swichi ya pembe, ile ya kuongeza na kupunguza sauti nyembamba, ameizungusha mpaka mwisho kwenye visanduku vyote viwili. Alama nyekundu ya fundi wa sinema iko huku katikati. Maskini, alikuwa anajaribu kufidia.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimevifungua! Ndani mumemiminwa lami. Nimeikwangua asubuhi nzima kwa kisu cha siagi, gereji inanuka barabara mpya. Chini ya lami: koili nzuri, nene, waya wake bado unang'aa. Na kapasita, madude makubwa kama makopo ya chai, karatasi na nta ndani. Nikazipima. Moja imevuka kiwango chake kwa robo, nyingine imepungua, ya tatu inavuja. Zimezeeka kila moja kivyake, kama ukoo wangu.

Halafu hiki. Nyaya za pembe zimefungwa kinyume, nyekundu kwenye hasi. Nikacheka. Fundi wa sinema alikuwa amelewa! Nikazinyoosha, nikajipongeza, nikajaribu kwenye spika yangu ndogo ya gereji, yenye koni na pembe. Lo! Mwimbaji kaingia ukutani. Yupo, lakini kifua hana. Ndipo nikakumbuka, nikajipiga kofi la paji: kwenye mgawanyo wa namna hii koni likisukuma, pembe inavuta. Ni lazima umgeuze mmoja ndipo wasukume pamoja. Fundi hakuwa amelewa, mimi ndiye mwenye kiherehere cha unadhifu. Nimerudisha nyaya kinyume, kama zilivyokuwa, na mwimbaji karudi sebuleni.

Kapasita mpya zitafika kesho. Nina furaha ya kitoto. Sijui kwa nini kitu kilichofungwa kinanipa raha hivi.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimefunga vigawanyo kabla duka halijafunguliwa. Swichi zote mbili nimezirudisha kwenye alama nyekundu. Mama Kinu, mkewe Masta, alikuwa jikoni anakoroga mchuzi wa kari ya mchana. Masta akaweka santuri ya watu watatu: piano, besi, ngoma.

Jamani! Toazi likagongwa, likaning'inia hewani, likafifia taratibu mpaka nikashindwa kujua limekwisha saa ngapi. Vifagio vya waya vikipapasa ngoma nilivisikia uzi kwa uzi. Mama Kinu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale mlangoni akitabasamu.

Nikamgeukia Masta. Ametazama chini.

"Bado," akasema.

Bado?

Jumanne, 13 Novemba

Nimepeleka maiki ya kupimia, nimekuta swichi zimezungushwa tena, nimezirudisha. Maiki nimeiweka kwenye kila kiti. Mstari wa mchoro umenyooka vizuri ajabu, pembe inafika juu kuliko nilivyotegemea kwa chuma cha umri ule. Nimemwonyesha Masta mchoro. Akauangalia kwa heshima, kama anavyoangalia picha za wajukuu wa watu.

"Karatasi inasikia," akasema. "Mimi sisikii."

Nikabadilisha kapasita, nikaweka za mafuta, zile wanazoziapia wenzangu. Akasema afadhali. Baada ya chakula akasema hapana, zimekufa na hizi. Kisha mbele ya macho yangu akapita nyuma ya spika akazungusha swichi zote mbili mpaka mwisho. Meno yaliniuma! Toazi lilikuwa sindano. Yeye akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo kidogo. "Angalau sasa," akasema.

Nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa. Kigawanyo ni kizima. Nyaya ni nzima. Amplifaya nimeikagua. Sindano ya gramafoni ni mpya. Kuna kitu sikioni—hapana, kuna kitu sikioni—

Nimeandika sentensi ileile mara mbili, nikaacha kalamu. Nilitaka kuandika "sikioni mwangu kinanikwepa", kalamu ikagoma kwenye "mwangu".

Alhamisi, 15 Novemba

Leo sikwenda kufungua kitu. Nimelipa kahawa yangu, nikakaa kama mteja. Nikatazama viti.

Viti vya mbele, vile vya ngozi vilivyochakaa, watu walikuwa wanavigombania. Wanakuja kabla ya kufunguliwa, wanasimama kwenye theluji. Leo vitupu vyote. Wateja wamejazana nyuma. Kumagai, yule mnadi wa samaki mstaafu, mwenye sauti iliyouza ngisi wa bandari nzima, amekaa kwenye kigoda kando ya mlango wa choo. Mlango ukifunguliwa unamgonga goti. Anavumilia.

Nimemngoja nje.

"Mzee Kumagai, kulikoni? Kiti chako cha mbele umekigawa urithi?"

"Kule nyuma kuna joto, dada."

"Chooni?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akatazama dirisha la Tsurara, akashusha sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwake nadhani. Masikio yanamuuma. Wote yanawauma. Tangu wakati wa maua ya cheri. Kila mwezi sauti inakuwa kali zaidi, kila mwezi wanasogea nyuma kiti kimoja. Sasa viti vimekwisha. "Jumamosi ile asubuhi ulipotengeneza, nilikuwa nje nangoja kufunguliwa. Nilisikia kupitia mlangoni. Dada, nilitaka kulia. Nilipoingia, ameshaiharibu."

Mbona hawamwambii?

"Nani amwambie? Mle ndani hatuzungumzi."

"Mnazungumza baada ya saa kumi na mbili!"

"Baada ya saa kumi na mbili tunazungumzia besiboli."

Nilitaka kumchapa na mwavuli. Halafu nikajiuliza, na mimi je? Jumanne nilimwona akizungusha, meno yananiuma, nikasema nini? Nilisema "Haya."

Jumapili, 18 Novemba

Masta ana mafua. Nimepanda ghorofani kwao na supu. Amelala kando ya jiko la mafuta, kipimajoto kwapani, uso wa hasira.

Kipimajoto kikalia. Pi-pi, pi-pi, pi-pi. Kikanyamaza. Mimi nikangoja akitoe. Mama Kinu naye kangoja. Masta kalala tu, mkono umebana.

Mwishowe akakichomoa, akakiangalia, akakitikisa. "Kimekufa hiki nacho," akamwambia mkewe. "Hakilii siku hizi. Vitu vya siku hizi bwana!"

Mama Kinu akanitazama. Sikujua niuweke wapi uso wangu, nikauweka kwenye bakuli la supu.

Alinisindikiza hadi chini, dukani, kwenye giza la mchana la mapazia yaliyofungwa. Anajua. Amejua tangu kiangazi, nyenje walipolia kwenye ule mti wa jirani, naye Masta akasema mwaka huu wamechelewa. "Usimwambie," akasema. "Nakuomba, mwanangu. Alishasema asiposikia anafunga, na wewe unamjua, akisema amesema. Akifunga, atakaa juu pale anatazama ukuta. Kaka yake alistaafu hivyohivyo. Haukupita mwaka."

"Lakini wateja watakwisha, Mama."

"Najua. Njia zote mbili duka linakufa." Akafuta meza iliyokuwa safi.

Nimesikitika sana. Nimetembea hadi sokoni nikasahau nilichofuata.

Jumatatu, 19 Novemba

Hakuna kitu leo. Nimeosha mikono mara nyingi, lami haitoki.

Jumatano, 21 Novemba

Sawa. Wazo. Naandika haraka lisije likanitoroka.

Masta hasikilizi kwenye kiti. Kamwe! Miaka yote nimemwona mahali pamoja: nyuma ya kaunta, mbele ya sinki, hapo anapoosha vikombe. Sehemu ndogo, unaweza kuifunika kwa mkeka.

Na pembe ni nini? Pembe inaelekeza sauti. Pembe ndogo, yenye mdomo mwembamba, inapeleka sauti nyembamba mahali inapoangalia tu, ukisogea pembeni inadondoka. Sisi siku zote tunalalamikia hilo. Ni ila. Lakini ila inaweza kuajiriwa!

Kwa hiyo: twita moja, kispika cha sauti nyembamba chenye pembe ndogo, naificha juu ya kabati la vikombe, inaangalia sinki. Kigawanyo chake peke yake, kipitishe zile sauti tu zilizomkimbia. Spika kubwa zinarudi kwenye alama nyekundu. Wateja wanapata muziki, Masta anapata matoazi. Na hakuna anayefunga duka.

Kipi kimemkimbia hasa? Kipimajoto hasikii kabisa. Lakini lile toazi la Jumanne, kali kama sindano, alilisikia. Kwa hiyo sikio halijafungwa lote, kuna chumba bado kina mlango. Nikiinua pale chini kidogo ya kipimajoto—koili ndogo, kapasita mbili—nikiacha juu kabisa ambako hakuna wa kumkuta—

Nimejaribu gereji mpaka mchele ukaungua. Sijawahi kutengeneza kigawanyo cha mtu. Nimetengeneza vya spika tu. Hiki kinafuata umbo la sikio la mzee mmoja, na sikio lenyewe sijalipima, nalikisia kwa vitu ambavyo amevilaumu kuwa vimekufa.

Je, ni udanganyifu? Ndiyo. Nimejiuliza nikajibu, na bado nikaendelea kulehemu.

Jumatatu, 26 Novemba

Siku ya mapumziko ya duka. Masta amekwenda bafu la mtaani, huko akiingia kwenye maji ya moto hatoki mpaka awe mwekundu kama kaa. Mama Kinu alinishikia ngazi. Tumeificha twita nyuma ya vikombe vya buluu ambavyo havitumiki, tukaweka kitambaa cheusi chembamba mbele. Waya umepita juu ya fremu ya mlango wa jikoni, na swichi za spika kubwa nimezirudisha kwenye alama nyekundu.

Mama akasimama kwenye sinki ili nijaribu. Nikaweka santuri. Akaruka!

"Uuwi! Umeniwekea kiwanda cha visu!"

"Sogea kushoto hatua moja."

Akasogea. Uso ukalainika. Akarudi, ukakunjamana. Akasogea tena, ukalainika. Tukaanza kucheka kama watoto walioiba embe, nenda rudi, nenda rudi, mpaka tukasikia kandambili za Masta kwenye ngazi ya nyuma.

"Mimi nitatia pamba sikio hili," Mama akanong'ona. "Miaka mingi nimetia pamba kwa ajili ya mkoromo wake, sasa natia kwa ajili ya matoazi yake."

Jumanne, 27 Novemba

Nilimwambia Masta nimebadilisha sehemu ya mwisho, imetoka Tokyo. Akaenda kwenye sinki, akafungulia maji, akafunga. Santuri ya watu watatu.

Toazi.

Mikono ikabaki ndani ya beseni. Hakugeuka. Niliona mgongo tu, na masikio yake makubwa mekundu kwa baridi. Upande wa kwanza wa santuri ukaisha wote hajaosha hata kikombe. Ndipo akageuka, machozi yamemjaa, bila aibu yoyote.

"Umeyafufua," akasema. "Nilishaanza kufikiri ni mimi."

Ningekuwa mtu mwema ningesema hapo hapo. Nilisema, "Ni kapasita."

Alhamisi, 29 Novemba

Kumagai amerudi kiti cha mbele! Na wengine wawili. Hakuna aliyeuliza kitu, wameketi tu, macho wamefumba. Kumagai aliponipita kuelekea choo aliniinamia hadi kiunoni, kama mimi ni hekalu.

Masta anachekacheka. Amempa mteja mgeni keki ya bure. Mama Kinu ana pamba sikioni na nywele ameziangushia juu.

Mimi? Nashangaa. Kazi imefanya kazi, hilo kwanza, na linanifurahisha kuliko inavyostahili. Natazama mpaka wa sauti pale kaunta, mpaka ambao hakuna anayeuona, na kila Masta anaponyoosha mkono kuchukua sukari roho inanitoka. Akiegemea sana kulia, anatoka nje. Hajagundua. Mikono inatoka, kichwa kinabaki.

Jumamosi, 1 Desemba

Naandika hii saa moja jioni. Chai imepoa.

Leo duka lilijaa mpaka watu walisimama. Nilikuwa karibu na mlango. Masta alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake, anapangusa vikombe kwa mwendo wa ngoma. Aliweka santuri yake anayoipenda kuliko zote, ile ambayo mpiga ngoma anapewa upande mzima. Akarudi kwenye sinki. Akasikiliza kidogo.

Kisha akavua aproni.

Mama Kinu alimwona kabla yangu. Alimshika mkono wa shati. Masta akampapasa kiganja, akautoa mkono taratibu, akapita chini ya ubao wa kaunta. Nilielewa, na sikuweza kufanya kitu. Anataka kukaa mbele! Miaka yote ya kuwahudumia wengine, leo sauti imekuwa nzuri kiasi hicho, anataka kiti. Kumagai akasimama akampisha kwa heshima, akambonyeza bega aketi.

Masta akaketi. Akafumba macho. Mpiga ngoma akawa anaingia kwenye matoazi, yale marefu, moja juu ya lingine, duka zima linameremeta. Kumagai mdomo wazi. Msichana wa dirishani kashika kifua.

Masta akafumbua macho.

Akatazama spika ya kushoto. Akatazama ya kulia. Akageuka kwenye kiti akatutazama sisi, uso mmoja mmoja, nyuso zetu zote zilizokuwa zinasikia. Halafu akainuka, akarudi kwenye kaunta, akasimama kwenye sinki. Akatoka hatua. Akarudi. Akatoka tena, nusu hatua. Anainamisha kichwa ndani, anakitoa nje, mkono mmoja hewani, namna mtu anavyotafuta ufa unaoingiza upepo. Santuri ikafika mwisho, sindano ikawa inazunguka katikati, na yeye bado anaenda na kurudi.

Mimi niliondoka. Nimekimbia, niseme ukweli. Kofia nimeiacha.

Simu sasa hivi. Ni yeye. Nimeiweka mezani, kipaza sauti wazi, na naandika huku akiongea.

Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo! Anauliza maswali. Mpaka uko wapi hasa, maana yeye ameupata kwenye kona ya kabati na Mama anasema ni hatua moja mbele zaidi. Niliwezaje kuuchora mwembamba hivyo. Ni koili ya ukubwa gani. Nimejibu yote. Nimejikuta naeleza kwa furaha, Mungu wangu, kama tuko uchochoroni tunaongea kazi. Akasema, kazi nzuri. Akasema ameishusha twita, anayo mapajani, nyepesi kuliko alivyodhani.

Kisha akauliza Kumagai alihamia kando ya choo lini.

Ameuliza tena, polepole. Wameanza kunivumilia lini, Sawaguchi? Niambie mwezi tu.

Nimeziba mdomo kwa mkono.

"Usijifanye umekata," anasema. "Nakusikia unavyopumua."